Nguo za Sandukuni: Kuujua Umri wa Vazi Kabazi

Sheria ya Kenya ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi, ya mwaka 2006, inahesabu kuwa cha kale kila kitu kinachohamishika, kisipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa nchini au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Huo ndio mwaka Uingereza ilipotangaza himaya yake ya Afrika Mashariki. Kitu cha namna hiyo hakitoki nje ya nchi bila kibali.

Kwa kipimo hicho, Kabazi, katika eneo la Subukia, Nakuru, ni maskini wa nguo za kale. Mwaka 1895 watu wa Bonde la Ufa la kati na wa milima inayolizunguka walivaa ngozi zaidi ya pamba. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Familia nyingi zinazolima mashamba ya Kabazi na Subukia leo zina asili ya kwingine: babu zao walikuja kama vibarua kwenye mashamba ya walowezi, au walihamia baada ya uhuru wa 1963, pale vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi ziliponunua mashamba hayo na kuyagawa. Kisha zikaja ghasia za wakati wa uchaguzi, za 1992, na zile za mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, ambazo katika eneo la Nakuru ziliteketeza nyumba pamoja na kila kilichokuwamo. Kilichobaki ni kichache, na kwa sababu hiyo kinastahili kuangaliwa kwa makini zaidi.

Basi mhadhara huu unahusu sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha nyanya. Ndani yake mna leso mbili zilizopauka, gauni lisilokunjamana hata likikaliwa, blanketi zito, pengine ushanga uliokatika uzi, na kwa bahati kubwa kipande cha ngozi kilichoshonewa shanga ukingoni. Hoja yake ni moja. Nguo kuukuu imebeba yenyewe ushahidi wa umri wake. Ushahidi huo usikizwe kwanza, kisha hadithi ya familia iwekwe kando yake, na yote mawili yaandikwe. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayokosekana karibu kila nyumba.

Kanuni ya msingi ni rahisi kuitaja na ngumu kuitii. Nguo haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kitu kipya kabisa kilichotumika kuitengeneza. Uzi wa nailoni una mwaka wake wa kuzaliwa, zipu ya plastiki ina wake, lebo yenye alama za kufulia ina wake. Mwaka huo ni ukuta ambao nguo haiupiti kurudi nyuma. Ukuta wenyewe hausemi vazi lilishonwa lini hasa. Unasema tu ni lini lisingeweza kushonwa. Aliyezoea kuambiwa kwamba nguo fulani ni ya miaka mia moja anaweza kuvunjika moyo, lakini hapo ndipo utafiti unapoanza.

Mahali pazuri pa kuanzia ni leso, kwa sababu ni nguo iliyoandikwa. Huchapwa jozi, yaani doti, na kila kipande kina upana wa kama sentimita 150 na kimo cha kama sentimita 110. Wanaoijua huigawa mara tatu: pindo linalozunguka pande zote, mji ulio katikati, na jina, yale maneno yaliyo ndani ya kisanduku chake juu ya pindo la chini. Mtazamaji wa kawaida huangalia mji na kusoma jina. Mtafiti huanza ukingoni kabisa, mahali fundi anapokunja na kushona, kwa sababu huko ndiko mara nyingi kumechapwa jina la mfanyabiashara, namba ya usanifu, na nchi au kiwanda kilikotoka. Leso iliyoshonwa pindo inafaa ifunuliwe taratibu kidogo kwenye kona moja, bila kukata uzi.

Historia yake inafahamika vya kutosha kusaidia. Katika karne ya 19 wanawake wa Mombasa na Unguja walinunua vitambaa vya mkononi vilivyochapwa maua na kuvishona sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini. Wafanyabiashara waliona soko hilo wakaagiza ng'ambo nguo iliyochapwa nzima. MacKenzie Moon Ryan, mwanahistoria wa sanaa kutoka Marekani, alichunguza madaftari ya sampuli yaliyohifadhiwa Uholanzi, yakiwamo ya hazina ya kampuni ya Vlisco mjini Helmond, na ushahidi wake unauweka mwanzo wa leso za kuchapwa katikati ya miaka ya 1880. Njia yake ina funzo kubwa. Hakutegemea masimulizi ya pwani peke yake wala nguo zilizosalia peke yake. Alifuata karatasi za kiwanda, ambako kila mchoro ulibandikwa kwa utaratibu wa tarehe.

Maneno yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi. Huko Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887 na linalojulikana Mtaa wa Biashara kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", ndilo linalotajwa sana katika habari za kuenea kwa misemo hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Chapa hiyo huwapotosha wengi. Mtu akiiona kwenye leso ya nyanya yake hukimbilia kusema kwamba ni ya enzi za mwanzo, ilhali chapa imetumika kwa vizazi na ingali inatumika. Inamtaja mwenye biashara, mwaka hautaji. Kwa hiyo jicho lihamie kwenye nchi ya kiwanda.

Hapo kuna mfuatano unaosaidia. Leso za mwanzo zilichapwa Ulaya. Kuanzia miaka ya 1930 Japani iliingia kwa nguvu, ikakatizwa na Vita vya Pili vya Dunia, ikarudi tena katika miaka ya 1950. Baada ya uhuru serikali za Afrika Mashariki zilitaka nguo zitengenezwe nyumbani: kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na Rivatex kikaanzishwa Eldoret mwaka 1976. Kisumu palikuwa na Kicomi, Nanyuki palikuwa na Mountex, na Thika palikuwa na viwanda vyake. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, vingi vilianguka, na leso za India zikajaa madukani. Rivatex yenyewe ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kufufuliwa.

Mfuatano huo unaweza kubana umri wa nguo kwa ukaribu wa kushangaza pale familia inapoleta sehemu yake ya ushahidi. Katika ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, wazee hupewa mablanketi na kina mama hupewa leso, na tarehe ya ruracio haisahauliki kwa urahisi, maana hufuatwa na ndoa, na ndoa hufuatwa na watoto wenye vyeti vya kuzaliwa. Leso yenye jina la Rivatex ukingoni iliyotolewa katika ruracio ya mwaka 1984 imeshikwa pande mbili: kiwanda kinasema si kabla ya 1976, sherehe inasema si baada ya 1984. Hakuna maabara inayoweza kufanya vizuri kuliko hapo.

Leso za kumbukumbu huonekana rahisi zaidi kwa sababu zimebeba tukio lenyewe. Ile ya kumpongeza Barack Obama, yenye maneno "Hongera Barack Obama", ilitoka baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2008, na nakala yake imo katika British Museum, London. Subukia, mahali penye hija ya Bikira Maria inayovuta Wakatoliki kutoka kote nchini, ni jambo la kutarajiwa kukuta sandukuni nguo za mikutano ya kanisa na za ziara za Papa Yohane Paulo II, aliyekuja Kenya mwaka 1980, 1985 na 1995. Hata hivyo, mwaka uliochapwa ni mwaka wa tukio. Sura ya kiongozi huweza kuchapwa tena kwenye sikukuu ya miaka kumi au ishirini, na nguo ikasema 1963 ilhali pamba yake ni ya baadaye sana.

Jambo moja la mwisho kuhusu leso. Nguo mpya hutoka dukani ikiwa ngumu kwa dondo. Leso ya zamani ambayo bado ina ule ugumu, na vipande vyake viwili havijatenganishwa, haijawahi kufuliwa, na rangi zake ni zilezile alizoziona mchapaji. Hiyo ni nadra mno. Isifuliwe kamwe, hata kama imeingia vumbi.

Baada ya maandishi, uzi. Nguo isiyo na neno hata moja bado ina nyuzi, na nyuzi hazifichi asili yake mbele ya moto. Uzi mmoja, mrefu kama kidole, unavutwa kutoka ndani ya mshono, unashikwa kwa kibano juu ya sahani yenye maji, na kuwashwa. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu meusi yanayosagika. Poliesta na nailoni huyeyuka, na zikipoa huacha kidonge kigumu kisichovunjika kwa vidole. Akriliki huwaka kwa kasi na kuyeyuka pia, ndiyo maana jaribio hilo halifanywi kamwe karibu na nguo yenyewe.

Matokeo yake yana miaka. Nailoni ilitangazwa na kampuni ya DuPont mwaka 1938. Poliesta iligunduliwa mwaka 1941 na Rex Whinfield na James Dickson, wanakemia waliofanya kazi Manchester, na nguo zake zikaingia sokoni katika miaka ya 1950 kwa jina la Terylene. Akriliki ilianza kuuzwa mwaka 1950. Lile gauni lisilokunjamana linalopatikana katika masanduku mengi ya akina mama walioolewa miaka ya 1960 na 1970 mara nyingi ni Crimplene, poliesta nene iliyotoka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950. Wasichana wa wakati huo waliipenda kwa sababu ilikauka haraka na haikuhitaji pasi ya makaa. Mitindo ya leo inaidharau. Ingekuwa haki ihifadhiwe kwa heshima ileile inayopewa ushanga na ngozi, kwa maana ndiyo nguo ambayo wanawake wengi wa mashambani walijinunulia wenyewe kwa mara ya kwanza kwa fedha za pareto, maziwa au vibarua.

Akriliki ina habari kubwa zaidi kwa Nakuru. Mji huo umekuwa na viwanda vya kufuma blanketi na nyuzi, Spinknit na Nakuru Blankets vikiwa miongoni mwao, na shuka za miraba myekundu zinazouzwa kama vazi la jadi la Wamaasai ni akriliki kwa sehemu kubwa. Anayesema kwamba shuka yake ya namna hiyo ilivaliwa na babu wa babu yake kabla ya Wamaasai kuondolewa Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, anaambiwa na uzi mmoja tu kwamba haiwezekani. Moran wa wakati ule, yaani kijana shujaa wa Kimaasai, alivaa ngozi, au pamba nyeupe iliyopakwa mafuta na udongo mwekundu. Kilichodumu ni rangi. Kitambaa kimebadilika mara kadhaa.

Pamba hiyo nyeupe ndiyo merikani, iliyotoka viwanda vya Massachusetts na kuingia Zanzibar kwa wingi baada ya mkataba wa biashara wa 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikatiza shehena hizo, na pamba ya Uingereza na ya Bombay ikashika nafasi yake huku wauzaji na wanunuzi wakiendelea kuiita merikani. Kwa hiyo mzee akisema nguo ilikuwa ya merikani, amesema kweli kuhusu aina ya kitambaa, na nchi ya kiwanda inabaki kutafutwa.

Mshono hauhitaji maneno mengi. Zipu ya chuma kwenye gauni inaelekeza miaka ya 1930 na kuendelea. Zipu yenye meno ya nailoni yaliyojikunja inaelekeza miaka ya 1960 na kuendelea. Kinamishi cha Velcro kilipata hataza katikati ya miaka ya 1950. Ila mafundi wa vibarazani hubadilisha zipu kila siku, na zipu mpya kwenye gauni kuukuu si ushahidi wa chochote ila kwamba gauni lilipendwa kiasi cha kutengenezwa. Alama za sindano ya zamani huonekana karibu na mshono mpya, na hizo ndizo za kufuatwa.

Cherehani yenyewe nayo husomeka. Mashine za Singer kuanzia mwaka 1900 zina namba iliyotanguliwa na herufi, na orodha za kampuni zinaonyesha kila fungu la namba lilitengewa mwaka gani na kiwanda gani. Herufi F na Y ni za Clydebank, Scotland, kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Familia iliyohifadhi cherehani ya babu aliyekuwa fundi inaweza kujua mwaka wa mashine hiyo kwa jioni moja, na hapo ikapata ukuta mwingine: alichokishona kwa mashine hiyo hakiwezi kuitangulia.

Ngozi na shanga zinahitaji mwendo wa polepole zaidi, maana hazina lebo. Vazi la mwanamke wa Kikuyu kabla ya pamba lilikuwa na sehemu zake: muthuru, sketi ya ngozi, mwengu wa mbele, na joho la juu. Ngozi ililainishwa kwa mafuta ya mbarika na kupakwa udongo mwekundu, ikashonwa kwa uzi wa mshipa wa mnyama uliopitishwa kwenye tundu la msumari wa fundi. Tundu za duara zisizolingana na uzi wa mshipa ni dalili nzuri. Tundu zilizopangika sawasawa na uzi wa nailoni ni dalili ya kazi ya kuuzia watalii au ya kikundi cha ngoma cha shule, ambayo nayo ina historia yake, ila ni nyingine.

Shanga zina tabia ya kudanganya kwa njia yake. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Naivasha na Baringo mwaka 1883 pamoja na wapagazi Waswahili wa Unguja na Mombasa, alieleza katika kitabu chake cha 1885 jinsi msafara ulivyokwama Taveta ili shanga zifunguliwe na kutungwa upya, maelfu kwa maelfu ya nyuzi, kwa urefu ambao Wamaasai wangeukubali. Huko huko wapagazi walishona naibere, kitambaa cha pamba chenye ukanda wa rangi katikati, ambacho moran alikivaa shingoni vitani. Habari hiyo ina mambo mawili yanayopaswa kukumbukwa na kila anayeshika ushanga wa zamani. Mnunuzi wa bara ndiye aliyeamua mtindo, na mfanyabiashara wa pwani akatii. Tena, shanga za kioo kutoka Venice na Bohemia zilitungwa na kutunguliwa tangu siku ya kwanza, kwa hiyo shanga zinaweza kuwa za karne ya 19 na uzi wake ukawa wa mwaka jana. Kwa ushanga, tarehe mbili huandikwa: ya shanga, na ya mtungo.

Donna Klumpp Pido, aliyetafiti ushanga wa Wamaasai kwa miaka mingi akiwa Kenya, ameonyesha kwamba mpangilio wa rangi hubadilika kwa marika: kila rika la moran na wasichana wao huwa na mtindo linaojivunia na kutambulika nao. Mtafiti akijua rika, amepata muongo. Marika ya Wakalenjin huzunguka kwa majina yaleyale, Maina, Chumo, Sawe, Korongoro na wenzao, kwa hiyo ni lazima iulizwe ni Sawe wa mzunguko upi. Wakikuyu waliita marika kwa matukio; Mutung'u, kwa mfano, ni rika lililoitwa kwa ugonjwa wa ndui uliopita katika miaka ya 1890. Bibi asiyejua mwaka wa kuzaliwa wa mama yake anaweza kulitaja rika lake bila kusita.

Picha za kulinganisha zipo. William na Katherine Routledge walichapisha mwaka 1910 kitabu kikubwa kuhusu Wakikuyu, chenye picha za mavazi na mapambo yakiwa mwilini. Joy Adamson, kabla ya kujulikana kwa simba Elsa, alilipwa na serikali ya kikoloni kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao. Kitabu chake kilitoka 1967, na michoro mingi imo katika Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi. Ni hazina, lakini itumiwe kwa uangalifu. Waliochorwa walijipamba kwa ajili ya mchoraji, tena wakati ambapo wengi wao walikuwa wakivaa kaptura na kanzu za pamba siku za kazi. Mchoro unathibitisha kwamba vazi lilijulikana. Hauthibitishi kwamba lilivaliwa mwaka huo shambani.

Kuna pia nguo za kale zilizofika Kabazi jana. Robota la mtumba likifunguliwa siku ya soko, ndani yake huweza kutoka koti lenye umri mkubwa kuliko muuzaji. Lebo ndiyo ya kusomwa. "Made in West Germany" ni ya kati ya 1949 na 1990, maana nchi hiyo haipo tena. St Michael, chapa ya duka la Marks & Spencer, ilisajiliwa mwaka 1928 na kuachwa mwaka 2000. Alama ya CC41, yenye herufi C mbili zinazofanana na jibini zilizokatwa, ni ya nguo za mgao za Uingereza, 1941 hadi 1952. Kwenye suruali za Levi's, kitepe chekundu chenye neno LEVI'S kwa herufi kubwa zote ni cha kabla ya mwaka 1971 au karibu yake, isipokuwa kiwanda kimeurudia mtindo huo kwa makusudi. Vijana wanaochambua mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi, na huko Nakuru wanazijua alama hizi kwa sababu zina bei. Ujuzi huo ni wa kweli, na wangekuwa walimu wazuri kuliko vitabu vingi kama wangeombwa kuja kufundisha.

Kiwanda kikishafahamika kwa jina, kazi inahamia kwenye karatasi. Gazeti Rasmi la Serikali limetolewa tangu 1899, na matoleo yake mengi yanasomeka kwenye intaneti. Humo mna matangazo ya kampuni kufunguliwa na kufilisiwa, alama za biashara, leseni na mirathi. Jina la duka la Mhindi wa Nakuru lililofumwa kwenye kola ya koti huweza kupatikana humo pamoja na mwaka. Nyaraka za Taifa, zilizoanzishwa mwaka 1965, zina taarifa za mwaka za wilaya, na katika jengo hilohilo la Nairobi umo mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili, mwana wa mama Mmaasai na baba Mgoa, aliyezaliwa Bonde la Ufa mwaka 1911 na kukusanya sanaa na nguo za Afrika wakati wengi wa tabaka lake waliziona kuwa ushamba.

Picha za familia ni karatasi pia. Picha ya studio yenye tarehe nyuma yake inathibitisha kwamba siku hiyo gauni lilikuwapo. Lakini studio zilikuwa na makoti ya kuazima, na mtu aliyepiga picha ndani ya suti huenda hakuwahi kuimiliki. Swali hilo huulizwa kwa adabu, na kwa faragha.

Kuhoji wazee kunataka adabu hiyo hiyo. Nguo itandazwe mbele ya nyanya mwenyewe, upande wa nyuma ukiwa juu kwanza, na aachwe aishike. Mkono hukumbuka mambo ambayo swali halikuyafikia: nani aliinunua, kwa mshahara wa shamba gani, kwa nini kona moja imekatwa. Huenda ilikatwa kumfunga mtoto kitovu, au kumpa aliyefariki. Yakiandikwa, yaandikwe kwa maneno yake, kwa Kikuyu au Kalenjin au Kiswahili alichokisema, na kando yake kile kilichosemwa na nguo. Pale viwili hivyo vinapopingana, vyote viwili vibaki kwenye daftari. Nyanya anayesema leso ilitoka kwa mama yake, wakati ukingo unasema Rivatex, pengine anakumbuka leso nyingine iliyoungua, na hii ikachukua nafasi yake. Habari hiyo ya leso iliyoungua ni historia ya Subukia.

Umuhimu wa majina unaonekana ukiangalia vilivyoondoka. Mradi wa International Inventories, ulioyashirikisha Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, wasanii wa Nairobi na makumbusho ya Cologne na Frankfurt, uliorodhesha vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi za nje, na maonyesho yake yakafanyika Nairobi mwaka 2021. Katika mikusanyo ya namna hiyo, kadi ya kitu huwa na jina la Mzungu aliyekileta, kabila, na labda mwaka. Jina la mwanamke aliyeivaa ile ngozi, au la fundi aliyeishona, halimo. Kabazi bado ina majina, kwa muda ambao wenye kuyajua wangali hai.

Utunzaji wenyewe ni wa gharama ndogo. Nguo ikunjuliwe na kuviringishwa badala ya kukunjwa, maana mkunjo wa miaka ishirini hukatika. Ifungwe kwa pamba nyeupe iliyofuliwa na kusuuzwa vizuri. Karatasi ya plastiki hufungia unyevu, na unyevu wa msimu wa mvua Subukia huzaa ukungu haraka. Vidonge vya nondo visiguse kitambaa. Jua liepukwe kabisa. Ushanga usitungwe upya kabla ya kupigwa picha, na mpangilio wa rangi kuandikwa shanga kwa shanga.

Daftari la nguo moja halihitaji zaidi ya ukurasa: vipimo, uzi, mshono, kila neno na namba iliyo ukingoni kama ilivyo pamoja na makosa yake, picha ya mbele na ya nyuma, jina la aliyeivaa na aliyempa, na tarehe mbili, ya mapema kabisa na ya mwisho kabisa inayowezekana, kila moja ikiwa na sababu yake. Nakala moja ikae nyumbani pamoja na nguo, ya pili kanisani au shuleni, ya tatu ipelekwe Nakuru, kwenye maktaba ya umma au makumbusho ya Hyrax Hill, ili nyumba ikiungua au familia ikihama, kuwe na mahali pa kwenda kuuliza.